Wikendi moja Dodoma na watoto tunaowaasili: tuwapeleke wapi, na sokoni tununue nini?

pwani_mpaka_moshi

Hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa ila naishi Moshi na mume wangu, kazi ndio ilituleta Tanzania na tumeshavuka ile miaka mitatu mfululizo ambayo sheria ya hapa inataka kwa mgeni anayeomba kuasili mtoto. Maombi yetu yamepita ustawi wa jamii na tumepewa ndugu wawili wa tumbo moja, msichana wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, wako kwenye kituo kimoja hapo Dodoma. Tutakabidhiwa Alhamisi, mwanzoni mwa mwezi wa nane, tukae nao kwa malezi ya kambo angalau miezi mitatu afisa ustawi akitufuatilia, ndio baadae twende Mahakama Kuu.

Sasa shida yangu ni hii. Barua ya kusafiri nao mpaka Moshi tumeambiwa tufuate Jumatatu. Kwahiyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tuko gesti wanne, watoto hawatujui vizuri (tumewatembelea lakini kutembelewa na kulala chumba kimoja ni vitu viwili tofauti), na sisi Dodoma hatuijui kabisa zaidi ya njia ya kwenda kituoni. Kukaa ndani siku tatu tunaangaliana naona tutachoka wote.

Naomba kuuliza, wapi pa kuwapeleka watoto wa umri huo pasipo na mambo mengi? Soko gani zuri kwa nguo na viatu maana wanatoka na walichovaa tu? Halafu nataka ninunue kitu cha huko kwao niwawekee, wakikua wakiuliza tulitoka wapi niwe na cha kuwaonyesha, sio picha za simu peke yake. Na mwisho, mume wangu ameng'ang'ana Jumatatu tukirudi kupitia Kondoa na Babati tusimame Kolo tuone michoro ya mapangoni, tuna gari yetu. Mimi sijui kama ni akili hiyo na watoto ndani ya gari.

bajaji_wa_changombe

Dada karibu Dodoma, na hongereni. Kwanza kabisa kama hujachukua gesti chukua leo hii, maana wiki hiyo ni ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima na wafugaji, na uwanja uko Nzuguni, mji unajaa watu wa wizara na wafugaji na kila mwenye banda, vyumba vinapanda bei na vinaisha.

Nguo za watoto nenda Sabasaba asubuhi wakati wanafungua beli, hapo unaokota kamera, yaani zile nzuri za daraja la kwanza, kabla wajanja hawajapita. Kama mtumba hutaki zunguka One Way na zile barabara za namba pale mjini kati, au nenda soko la Machinga barabara ya Bahi, lile jengo jipya, pana kivuli na hakuna kusukumana na magari, kwa mtu mwenye watoto wadogo mimi ningekupeleka hapo. Majengo ni soko kuu, pale ni chakula zaidi, mboga, dagaa, karanga, viungo. Na kuna la Job Ndugai kule Nzuguni jirani na stendi kuu ya mabasi ila kwa mliko hakuna haja ya kwenda mbali hivyo.

Jioni wapeleke Nyerere Square, ni bure, kuna nyasi na sanamu ya Mwalimu, watoto wanakimbia nyie mmekaa. Ukitoka hapo unaweza kupita nje ya msikiti wa Gaddafi, ule mkubwa uliofunguliwa 2010, unapendeza. Usitembee nao kwa miguu jua la saa saba, na beba masweta maana Dodoma mwezi wa nane asubuhi na usiku upepo wake sio wa Mombasa.

Chukua bajaji moja ya kutwa mkubaliane bei mapema, msipande hii mkashuka mkapanda ile, mtoto wa kituoni akishamzoea dereva mmoja anatulia. Nimeshabeba familia za namna yenu, najua ninachosema.

Chimwaga2

Mume wako yuko sahihi, Kolo usiiruke. Ile ni urithi wa dunia, UNESCO wameiweka tangu 2006, maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150 kwenye miamba ile ya ukingo wa bonde la ufa, kuna twiga, tembo, swala, na wale watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Mpaka leo kuna sehemu wenyeji wanakwenda kutambika kuomba mvua. Kutoka Dodoma ni kama kilometa 180, lami tupu, na ofisi iko pale pale Kolo barabarani, unalipa kiingilio unapewa mtu wa kuwaongoza.

Jumamosi pia msikae bure, pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro mrudi. Watoto wanapenda treni, na mtoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili analipa nusu nauli. Huko Moshi hamna hiyo.

kijana_wa_kizota

Yaani mtu anatoka Mombasa kwenye bahari anakuja kuangalia vumbi la Dodoma 😂😂 karibuni sana lakini, zabibu zipo msimu huo

mlezi_iringa

Dada yangu nimekusoma mara mbili. Mimi ni mlezi wa kambo, sasa hivi nina wa tatu, na naomba nipingane kidogo na huyo ndugu wa treni na mapango. Mnawaza utalii wakati hawa watoto utalii wao ni kulala kitanda ambacho hakina mtoto mwingine pembeni.

Nikuambie ya huyu wangu wa pili. Siku ya kwanza nilimpeleka sokoni kununua yeboyebo, akachagua za kijani, nikamwambia vaa tuondoke. Hakuvaa. Alizikumbatia kifuani na karatasi lake, akatembea na zile za zamani zilizokatika mkanda mpaka nyumbani, usiku akalala nazo. Nikaja kuelewa kwamba kituoni viatu vinapangwa mlangoni na anayewahi ndiye anayevaa, kwahiyo akilini mwake akivivaa tu vinakuwa vya wote. Zilikaa wiki nzima hazijagusa chini. Sasa piga picha mtoto kama huyo umemnunulia nguo kumi, mdoli, baiskeli, begi, siku moja. Unampa furaha au unampa kazi ya kulinda mali?

Kwahiyo mimi ningefanya hivi. Ijumaa mnatoka mara moja tu, asubuhi, kila mmoja achague kitu kimoja mwenyewe na kukilipia kwa mkono wake, umpe noti ampe muuzaji apokee chenji. Hivyo vingine kama chupi, soksi, masweta, nunua wewe kimya kimya mume wako akiwa nao pembeni kwenye juisi. Ila kwa kununua nguo USIWATENGANISHE hata dakika tano, yaani msijigawe wewe na msichana huku yeye na mvulana huku. Huyo dada wa miaka saba amekuwa mama wa mwenzie muda mrefu, asipomwona atafikiri mmeanza kumgawa. Utamwona ukimpa andazi anakata nusu kwanza. Usimkataze.

Na Alhamisi mkiwachukua waulize walezi wa kituo wanatumia sabuni gani, wanakula nini asubuhi, wanalala taa ikiwaka au imezimwa. Nunua sabuni ile ile. Harufu tu ya sabuni inasaidia kulala, amini nakuambia.

pwani_mpaka_moshi

mlezi_iringa umenifanya nikae chini. Sabuni sikuiwaza kabisa. Na mimi nilikuwa nimeshaandika orodha ya nguo ukurasa mzima.

Chimwaga2 asante, ila kwa treni naona mwenzio amekujibu.

ustawi_mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nilifanya kazi ya ustawi miaka mingi kwenye mikoa ya kati kwahiyo nitasema machache ya upande huo.

Hilo la kwenda Morogoro na kurudi acheni. Mmeambiwa barua ni Jumatatu, basi mpaka Jumatatu watoto wabaki ndani ya mkoa, ikiwezekana ndani ya jiji. Sio kwamba mtu atawavizia kwenye behewa, ila mkipata tatizo lolote mbele ya askari, wageni wawili wenye pasipoti za Kenya na watoto wawili Watanzania wasio na barua, hapo mtapoteza siku na watoto wataingia hofu upya. Hata humo mjini tembeeni na nakala ya karatasi mliyokabidhiwa Alhamisi na namba ya afisa wenu. Jumatatu mkishapata barua, toeni nakala tatu, moja ikae kwenye gari, moja kwenye mkoba, ya tatu mpeleke kwa ustawi wa wilaya yenu Moshi maana huyo ndiye atakayewafuatilia hiyo miezi mitatu na ripoti yake ndiyo mahakama itasoma.

La pili picha. Pigeni mnavyotaka, ziwe zenu. Ila kuweka mtandaoni sura za watoto kabla ya amri ya mahakama hapana, hata status. Mpaka hapo nyinyi ni walezi, bado hamjawa wazazi kisheria. Amri ikitoka, wakaandikishwa RITA, wale wakala wa usajili, kwenye daftari la watoto walioasiliwa, ndio mambo mengine.

Naona watu wengi wanaona Wakenya wanaasili Tanzania wanashangaa, lakini sheria ni hiyo hiyo kwa Mkenya na kwa Mzungu. Anayetaka kushuka na ndege, akae wiki mbili, aondoke na mtoto, sheria yetu ya mtoto ya 2009 haina mlango huo. Kenya kwenyewe wageni walisimamishwa tangu 2014 na Ethiopia wakafunga 2018, kwa sababu ya yaliyokuwa yanafanyika. Mliofuata njia ndefu mmefanya vizuri.

nyanya_mpwapwa

Mwanangu wa Mombasa, wenzangu wameongea nguo na barua, hakuna aliyekujibu lile swali lako la kitu cha kuwawekea, na hilo ndio mimi nimelipenda.

Kwanza uliza kituoni wametoka kijiji gani au hata wilaya gani, kama inaruhusiwa ujue. Maana Dodoma ni kubwa, mtoto wa Kondoa ni Mrangi, wa Chemba anaweza kuwa Msandawe, wa Bahi na Chamwino huko ni sisi Wagogo, ukimwekea kitu cha Kigogo kumbe ni Mrangi atakuja kukucheka akiwa mkubwa. Kama hawajui, chukua cha mkoa kwa ujumla.

Jumamosi nenda Msalato mnadani. Ni njia hiyo hiyo ya kwenda Kondoa na Arusha, sio mbali na mjini. Watu wa mjini wanaenda kwa ajili ya nyama ya mbuzi, na nyie mtakula, lakini zunguka upande wa akina mama waliokaa chini na vitu vyao. Tafuta kikapu cha ukindu, kibuyu cha maziwa kile kilichotumika kinachonukia moshi, usichukue kile cheupe kipya kilichopakwa vanishi kwa ajili ya wageni. Tafuta kigoda cha miguu mitatu, kiwe kidogo, mtoto akalie sasa hivi na akikua aweke redio. Ukibahatika kupata zeze dogo chukua. Ngoma ya muheme wanapiga wanawake kwetu, wanaibana katikati ya mapaja, sasa huyo binti ukimpatia kangoma kadogo utakuwa umemaliza, ila jirani zako Moshi wasinilaumu.

Ukifika kwa wale wamama usianze na bei ngapi. Sema mbukwenyi kwanza, ndio salamu yetu, kaa, shika kitu, ukitajiwa elfu kumi na tano usishtuke wala usitukane kwa kutaja elfu tatu, sema nipunguzie mama nina watoto, halafu nyamaza. Kunyamaza ndio kunashusha bei.

Vya kula chukua karanga, ubuyu ambao haujapakwa rangi, na mlenda mkavu wa kusaga, unauzwa kwa kikombe. Huo mlenda usiudharau. Hao watoto wamekula mlenda na ugali wa uwele au mtama pengine tangu wanaota meno, ukiwapikia Moshi siku wamenuna utaona. Maji yachemke kwanza, magadi kidogo sana, koroga usiondoke jikoni. Karanga za kusaga unaweka mwishoni.

Chimwaga2

Nyanya hapo kwenye magadi umeniwahi 😄 mimi najua hauwekwi karanga kabisa, unakula na maziwa ya mgando pembeni.

ustawi_mstaafu nimekuelewa mkuu, treni nimefuta. Lakini Kolo bado nasimamia.

nyanya_mpwapwa

Kwenu wapi wewe usiyeweka karanga?

mlezi_iringa

Kolo Chimwaga2 mwenyewe hujasema kwamba michoro haipo barabarani. Ukishalipa ofisini unaingia ndani kwa barabara ya vumbi kisha unapanda mlima kwa miguu kwenye mawe, mtoto wa miaka minne atabebwa huyo, na atabebwa na mtu aliyemfahamu siku nne. Na kama hawajazoea gari watatapika kabla ya Kondoa mjini. Hawa pengine hawajawahi kukaa kwenye gari dogo zaidi ya saa moja.

bajaji_wa_changombe

Hapo kweli. Tangawizi mbichi watafune na dirisha liwe wazi kidogo, na wasinyweshwe maziwa asubuhi. Beba mifuko, ila sio rambo za plastiki, hizo marufuku tangu 2019 na wewe wa kutoka Kenya unajua maana kwenu walianza kabla yetu.

Kuhusu Nane Nane, hiyo mimi naona ndio sehemu yenu hasa kuliko Kolo. Ng'ombe wakubwa, mbuzi, sungura, samaki kwenye matangi, mabwawa, bustani za mfano, mtoto anaona bata mzinga anapiga kelele siku nzima. Nendeni Ijumaa asubuhi mapema, saa tatu mko ndani saa tano mmetoka. Msiende tarehe nane yenyewe, viongozi wanakuja, barabara zinafungwa na ni kusukumana tu.

mlezi_iringa

Kwa saa mbili sawa, hapo nakuunga mkono. Ila umati ni umati. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mmoja kwa peni, juu ya kiganja huku ndani, na uwaambie wakipotea wamfuate mama yeyote anayeuza chakula. Usiwaambie "mfuate askari", watoto wengine wanaogopa sare kwa sababu zao.

pwani_mpaka_moshi

Jamani nyie watu, nimekaa na mume wangu jana usiku tumesoma yote kwa sauti. Hivi ndivyo tulivyofikia.

Ijumaa asubuhi Nane Nane kwa muda wa saa mbili tu, halafu gesti, walale. Jioni Nyerere Square. Jumamosi soko la Machinga kwanza, kila mmoja kitu kimoja achague mwenyewe, mimi nikimaliza vya lazima nikiwa nawaona wote. Mchana Msalato, nyama, na kile kibuyu alichosema nyanya_mpwapwa. Nimeshaongea na kituo, wamesema kwenye faili imeandikwa wilaya ya Chamwino, kwahiyo nyanya tuko salama, ni vya Kigogo. Jumapili hatuendi popote, labda kanisani kama wenyewe watataka maana kituoni walikuwa wanaimba kwaya ya watoto, na yule msichana nasikia ndiye anayeanzisha nyimbo.

Kolo mume wangu amekubali kusimama pale ofisini tu, tunyooshe miguu, kama watoto wako vizuri apande yeye peke yake na mwongozo mimi nibaki nao chini. Kanuna kidogo lakini amekubali. Tumeamua pia tusifike Moshi siku hiyo hiyo, tulale Babati.

Swali la mwisho. Kuna watoto wengine pale kituoni wamebaki, na hawa wawili siku ile watakuwa wanaondoka wenzao wanaangalia. Nilitaka kununua zawadi za kila mtoto niwaachie. Ni sawa au nitaharibu?

ustawi_mstaafu

Usimpe mtoto mmoja mmoja mkononi. Muulize msimamizi wa kituo wanahitaji nini, mara nyingi utaambiwa mchele, mafuta, sabuni, au madaftari. Mafuta ya alizeti ukinunua dumu Majengo ni mazuri, yanatoka Singida na huku huku kwetu. Peleka Jumatano, siku moja kabla, ukabidhi jikoni au ofisini. Alhamisi yenyewe uende mikono mitupu. Usije watoto wakaona kwamba wenzao wametolewa kwa kubadilishana na mchele, nimewahi kumsikia mtoto akisema hivyo hivyo.

mlezi_iringa

Naongezea hapo. Waache hawa wawili wao ndio wagawe kitu siku ya kuondoka. Zabibu, kwa sababu ni msimu na ni za huko huko, nunua kreti moja, dada mtu apite na mdogo wake wampe kila mwenzao kichala. Wanaondoka wakiwa wametoa wao.

kijana_wa_kizota

Zabibu usinunue barabarani kwa wale wanaokimbiza mabasi, kwa kreti nzima hapo utalipa bei ya abiria. Kuna wakulima wanatoka Hombolo na Mpunguzi wanashusha Majengo asubuhi, fika saa moja. Onja kabla hujalipa, chagua zile zilizoiva mpaka kwenye kikonyo, za kijani kibichi wanazichuma mapema wawahi soko. Na uzioshe vizuri zinapigwa dawa.

pwani_mpaka_moshi

Saa moja Majengo, nimeandika. Bajaji_wa_changombe nitakuja PM kwa namba, unijibu tafadhali, na uniambie bei ya kutwa kabla sijafika Dodoma nisije nikasikia bei ya Mombasa.

bajaji_wa_changombe

Njoo PM dada. Na bei nitakupa ya Chang'ombe, ila Msalato tutaongea, ile ni nje ya mji na mafuta yamepanda.